Herufi Mbili na Kiti cha Mtangazaji

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyamaze. Mimi, niliyeajiriwa kusema! Nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Poli, mlimani upande wa Wameru, nimevaa sketi ya kanisani na viatu vya dada yangu vilivyonibana vidole, nikaingia jengo la kituo chetu cha televisheni pale Kijenge nikiwa na hamu ya kusema kila nilichokijua kuhusu mpira. Mhariri wa Michezo, mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Loti, alinitazama juu ya miwani yake, akanisogezea kiti mbele ya runinga iliyokuwa ikionyesha mechi ya zamani bila sauti.

"Haya, tangaza," akasema.

Nikatangaza. Nilikuwa nimekulia kwenye redio ya baba yangu, kwa hiyo nilitangaza kama redio. Nikasema huyu amevaa jezi nyekundu, anakimbia upande wa kushoto, sasa anapiga mpira kwa mguu wa kulia, mpira unakwenda juu, mpira unashuka. Jasho linanitoka. Mzee Loti akainua mkono.

"Binti, mimi ni kipofu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi jezi nyekundu naiona. Mguu wa kulia nauona. Niambie nisichokiona. Kama huna, nyamaza."

Nawaambia ninyi mnaoingia kazi hii sasa, mkiwa na vyeti vyenu na simu zenu zenye kila takwimu, kwamba hilo ndilo somo la kwanza na wengi wenu bado hamjalifaulu. Mtangazaji wa redio anajenga uwanja mzima kwa mdomo. Wa televisheni anakuta uwanja umeshajengwa na kamera. Kazi yake ni kumtaja mchezaji kabla mtazamaji hajauliza, kueleza kwa nini mwamuzi amepuliza, kukumbusha kwamba beki huyu ana kadi ya njano tangu mapema, halafu kufunga mdomo watu waangalie mpira wao. Kufunga mdomo ndiko kugumu. Siku hizi nawasikia mnapiga kelele hadi mpira wa kurusha. Mpira wa kurusha, jamani!

Kazi yenyewe nilianzia chini. Nilipewa kusoma matokeo ya ligi za kata mwishoni mwa taarifa ya habari, Levolosi wamewafunga Lemara, Lemara wametoka sare na Kijenge, basi. Baadaye nikawa ripota wa uwanjani, yule anayesimama pembeni na maiki kumhoji kocha aliyefungwa. Makocha walinidharau. Mmoja alinijibu mbele ya kamera, "Wewe dada, mpira unaujua au umetumwa na mumeo?" Nikamwambia, "Najua beki wako wa kulia ameachwa nyuma mara zote mbili mlipofungwa, na mume sina." Mpiga picha akacheka mpaka picha ikatikisika. Mzee Loti aliirusha hivyo hivyo, na tangu hapo makocha wakawa wananijibu kwa adabu.

Mimi nilitaka kiti kimoja tu. Ni kile kiti cha plastiki kilichowekwa juu ya jukwaa la mbao, nje ya uwanja usawa wa mstari wa kati, pembeni ya runinga ndogo ya kuangalizia picha. Hapo ndipo anakaa mtangazaji wa mechi inayorushwa moja kwa moja. Ninyi mnasema mubashara, neno zuri, sisi hatukuwa nalo. Ukiwa kwenye kiti hicho unavaa kidude sikioni tulichokiita iapisi, na sauti ya mwongozaji aliye ndani ya gari la matangazo inakwambia kinachokuja, kama ni marudio ya goli au sura ya kocha. Mdomo wako unasema na mji mzima huku sikio lako linaamrishwa na mtu mmoja. Niliona kazi hiyo mara ya kwanza, nikajua ni yangu. Sikuwaza kama kuna mwanamke aliyewahi kuifanya kwetu. Hakuwepo.

Nafasi ilikuja bila kubisha hodi. Ilikuwa mechi ya Volkano, timu yetu ya mji, na Mtangazaji Mkuu alikuwa na mafua yaliyompiga koo. Kufika mapumziko sauti ikamkauka kabisa, anafungua mdomo inatoka hewa. Mzee Loti akanitazama, nikapanda ngazi kabla hajasema kitu.

Sitajisifu zaidi ya ukweli, lakini nilitangaza vizuri. Nilikuwa nawajua wale wachezaji hata wakiwa wamejaa tope, kwa jinsi wanavyokimbia. Nilinyamaza pa kunyamaza. Zilikuwa zimebaki dakika chache mechi iishe wakati mshambuliaji wetu Lomayani, kijana mrefu wa Kiarusha mwenye mabega kama mlango, alipowapita mabeki wawili. Moyo ukanipanda, nikasema kwa sauti kamili, mji mzima unasikia:

"Watazamaji, huyu ndiye mchezaji mwenye samani kubwa kuliko wote hapa Arusha!"

Nilitaka kusema thamani. Sisi wengi wa huku bara hatukuzaliwa na herufi hizo, th na dh. Nyumbani tunasema Kimeru, wenzetu Kimaa, wengine Kichaga, na Kiswahili tunakikuta shuleni kwa mwalimu ambaye naye ni wa huku huku. Kwetu dhahabu ni zahabu, thelathini ni selasini, na hakuna anayeshtuka. Ila samani ni makochi na makabati, na kumwambia mji mzima kwamba mshambuliaji ana makochi makubwa si jambo linalopita hivi hivi.

Kwenye iapisi nilisikia gari zima likicheka. Kesho yake nilipita soko la Kilombero kununua nyanya, muuza vitunguu akapaza sauti, "Mama Samani! Seti ya makochi unatoaje?" Jirani yake akadakia, "Mimi nataka meza ya kulia chakula!" Nikacheka nao, maana ukikasirika sokoni umekwisha. Maskini Lomayani ndiye aliyeumia zaidi. Tangu siku hiyo mashabiki walimwita Kabati, na Kabati aliitwa mpaka anastaafu mpira.

Mkurugenzi wa Vipindi hakucheka. Alikuwa mtu wa Tanga, mtanashati, Kiswahili chake kimenyooka kuliko suruali yake, na suruali yake ilipigwa pasi kila asubuhi. Aliniita ofisini, hakuniambia nikae.

"Elirehema," akasema, "ulimi wako bado uko migombani. Ukishuka mjini, njoo tuongee. Kwa sasa utakuwa unapanga ubao wa matokeo."

Ubao wa matokeo ni yale maandishi yanayotokea chini ya picha, majina na magoli. Kazi ya mikono tu, hakuna mdomo. Nilikwenda chooni nikalia, sitaficha, kisha nikanawa uso na kujiangalia kwenye kioo, nikajiambia kwamba kama ni herufi mbili tu zinazonitenganisha na kile kiti, basi nitazitafuta zilipo nizilete.

Zilikuwa Levolosi. Kulikuwa na mama mmoja mjane wa Pangani, Bi. Mwanaidi, aliyekuwa akikaanga vitumbua asubuhi na kufundisha watoto Kurani mchana barazani kwake. Mimi Mlutheri wa kuzaliwa, baba yangu mzee wa usharika, nikaenda kukaa kwenye mkeka pamoja na watoto wa chuo. Nilimpelekea mkungu wa ndizi za kwetu, nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Toa ulimi."

"Nini, Bi.?"

"Toa ulimi nje, uuweke katikati ya meno. Sema tha."

"Bi., kwetu kumtolea mtu mzima ulimi ni utovu wa adabu."

"Kwetu pia. Lakini hiyo si kunitolea ulimi, hiyo ni herufi. Haya, tha. Dha. Usiuonee haya ulimi wako, mwanangu, ni wako."

Watoto walicheka mpaka wakalala kwenye mkeka. Nikasema tha. Nikasema dha. Nikasema thamani, adhabu, dhamana, thabiti, nikitema mate kwenye nguo yangu mwenyewe. Nilikwenda kwa Bi. Mwanaidi kila nilipotoka kazini. Nilifanya mazoezi jikoni, njiani, nikipanga ule ubao wa matokeo. Dada yangu akawauliza wenzake kama nina kigugumizi cha ukubwani.

Ikafika mahali nikazidisha. Nilipoijua dh nikaiona kila mahali. Jumapili moja nilipangiwa kusoma neno pale usharikani kwetu, nikasimama mbele ya watu waliokuja na Biblia zao, nikasema kwa kujiamini, "Somo letu linatoka katika Dhaburi." Zaburi ikawa Dhaburi! Baada ya ibada baba alinivuta pembeni, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, una jino linauma?" Bi. Mwanaidi nilipomsimulia alijifuta machozi kwa upindo wa kanga yake. "Sasa umetia chumvi mpaka kwenye chai," akasema. "Si kila z ina deni. Ziache z za watu." Ikabidi tuanze upya, neno moja moja, lipi lina dh na lipi lina z yake halali.

Upande wa pili sikuacha kutangaza. Jioni nilikwenda viwanja vya Lemara, nikakaa kwenye nyasi na kinasa sauti kidogo, nikatangaza mechi za machalii wa mtaani tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, sina kamera, sina mtazamaji. Wanaume waliokaa karibu walinitazama kwa mashaka. "Dada, unaongea na nani?" mmoja akaniuliza. "Na wewe mwenyewe," nikamjibu, "mwaka kesho, ukiwa umekaa kwako." Mikanda hiyo nilimpelekea Mzee Loti. Alinionyesha nilipochelewa kutaja jina, nilipoongea wakati mwamuzi anapuliza filimbi, nilipomaliza pumzi kabla ya mpira kufika golini. Hakunisifu hata mara moja. Siku moja tu alinirudishia mkanda bila neno, nikajua siku hiyo hakuona cha kusahihisha.

Mwaka ukapita, ukaingia mwingine. Volkano wakacheza vizuri, wakafika kwenye mechi ya kupanda daraja: atakayeshinda anaingia ligi kuu, atakayefungwa anabaki alipo. Ingechezwa hapa hapa mjini, dhidi ya wageni kutoka Mwanza, na kituo chetu kilikuwa kinairusha. Mtangazaji Mkuu wetu alikuwa ameshahamia kituo kingine. Kiti kilikuwa wazi. Nikaenda kwa Mkurugenzi wa Vipindi.

Akanipa gazeti la siku hiyo, akasema nisome ukurasa wa uchumi. Nilisoma thamani ya shilingi, dhamana za serikali, udhibiti wa thuluthi sijui ya nini. Kila herufi ilikaa mahali pake. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akafungua.

"Hongera. Umejitahidi sana. Hata kwetu Tanga wapo wanaokosea hapo."

"Ahsante, Mkurugenzi. Basi Jumamosi natangaza mimi."

Akatabasamu, akaegemea kiti. "Tuseme ukweli, dada yangu. Mwanaume ametoka kwenye kazi zake, ameketi na wenzake, anataka mpira. Unadhani atamvumilia mwanamke dakika tisini? Nimeshampata kijana kutoka Dar."

Kumbe! Kumbe mwaka na zaidi nimekaa mkekani natoa ulimi nje, natema mate, namtia baba yangu wasiwasi wa jino, na shida haikuwa herufi hata siku moja. Kama angeniambia tangu mwanzo ningemchukia mapema nikaokoa muda. Nilitaka kulitupa lile gazeti. Badala yake nililikunja vizuri, nikaliweka mezani kwake, nikasema ahsante, nikatoka.

Usiku ule sikulala nikinung'unika, nililala nikiwa nimeshaamua. Kila asubuhi tulikuwa na kikao cha kugawana kazi, wote tumo, kuanzia mafundi mitambo hadi mhasibu. Ilipofika zamu ya michezo nikasimama.

"Mkurugenzi jana ameniambia matamshi yangu hayana tatizo tena," nikasema. "Tatizo ni kwamba mimi ni mwanamke, na wanaume hawatanivumilia dakika tisini. Naomba alirudie hapa mbele ya wenzangu, nisije nikaonekana namsingizia."

Mhasibu, mama wa makamo asiyependa makuu, akaweka kalamu chini na kumtazama Mkurugenzi moja kwa moja. Wapiga picha wakatazama viatu vyao. Mkurugenzi akarekebisha tai yake.

"Sikusema mimi. Nilisema watazamaji."

"Basi tuwaulize watazamaji," nikasema. "Jumamosi."

Mzee Loti akakohoa, akasema kwa ile sauti yake kavu, "Mimi ofisi yangu imempendekeza Elirehema. Sina jina lingine." Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kwamba ameniunga mkono. Mkurugenzi aliona amezingirwa, akatoa uamuzi wa watu waliozingirwa: kipindi cha kwanza mimi, kipindi cha pili huyo kijana kutoka Dar. Nikakubali kwa kichwa.

Jumamosi uwanja ulijaa hadi kwenye miti ya nje. Mawingu yalikuwa yameufunika Meru, kuna kile kibaridi cha Julai kinachoingia mikononi mwa koti. Nilikuta kijana wa Dar ameshafika, anaitwa Sudi, mpole, amekaa kwenye ngazi ya jukwaa na begi lake. Tukasalimiana. Nikapanda, nikavaa iapisi, nikashika maiki. Tulikuwa na maiki moja tu siku hiyo, ya pili ilikuwa imeanguka wiki iliyotangulia na fundi hakuwa ameimaliza.

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila goli. Nilikuwa nimepasha moto, pumzi imekaa sawa, majina yanatoka yenyewe. Filimbi ya mapumziko ilipolia, sauti ya Mkurugenzi, aliyekuwa amekaa ndani ya gari, ikaingia sikioni.

"Ahsante. Mwachie Sudi kiti."

Nikatazama uwanja. Nikawaza mwaka wa mkekani. Nikawaza kwamba nikishuka zile ngazi sasa, watasema dada alijaribu, alifanya vizuri kwa mwanamke, na kipindi cha pili kikawa cha wenyewe. Nusu ya kiti si kiti.

"Sitoki," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema sitoki, Mkurugenzi. Mechi nimeianza, nitaimaliza."

Sudi alikuwa ameshapanda, amesimama nyuma yangu. Alisikia upande wangu wa mazungumzo, akaelewa upande mwingine. "Dada," akasema taratibu, "mimi nimesafiri kutwa nzima kwa ajili ya kipindi hiki."

"Najua, kaka, na sitaki urudi mikono mitupu. Vuta kile kiti, kaa hapa. Mimi nitaeleza mpira, wewe nitakuuliza kwa nini kocha kafanya hivi na kwa nini beki yule amepitwa. Nitakusogezea maiki."

Sudi akanitazama, akatazama lile gari kule chini, halafu akacheka. "Haya bwana," akasema, akavuta kiti. Ninyi leo mmezoea sauti mbili, mtangazaji na mchambuzi wake. Kwetu ilianza siku hiyo, na ilianza kwa ukaidi.

Ndani ya gari, nilisimuliwa baadaye na fundi sauti, Mkurugenzi alimwamuru akate maiki yangu. Mzee Loti akauliza, "Ukikata, wataongea na nini? Maiki ni moja, anayo yeye. Unataka mji mzima uangalie mechi ya kupanda daraja bubu?" Fundi akabaki na kidole juu ya kitufe, anawatazama wazee wawili. Mkurugenzi hakurudia amri. Ila sikioni mwangu aliendelea kunisema, akinigombeza huku natangaza, nikaona ananipotezea mchezo. Nikavua iapisi nikaiweka mezani. Ni hatari hiyo, msiige. Bila iapisi hujui marudio yanakuja lini, na unaweza ukawa unasimulia kona wakati watu wanaonyeshwa kocha. Jicho moja nililiweka uwanjani na jingine kwenye runinga ndogo, nikaenda hivyo.

Zile herufi zangu zilianza kunitoroka, nazikumbuka zikiondoka. Mpira wa adhabu ukawa mpira wa azabu, na sikuwa na nafasi ya kuukimbilia. Bi. Mwanaidi alinilaumu baadaye, "Azabu ile umenipa mimi." Lakini hakuna mwingine aliyeniuliza.

Mechi ikielekea mwisho, Lomayani akapokea mpira katikati ya uwanja. Nilimtaja mapema, kabla kamera haijamgeukia, nikasema, "Lomayani, na mbele yake kuna nafasi." Akaiona nafasi. Akakimbia. Nikasema jina lake mara moja tu tena, akapiga, wavu ukatikisika, nikasema, "Goli. Volkano moja." Nikafunga mdomo.

Sudi alinitazama akidhani nimezimia. Nikaweka kidole kwenye midomo yangu kumwashiria asiseme. Nikaacha uwanja useme. Kelele ile, tarumbeta, akina mama wakipiga vigelegele, mzee mmoja akilia kwa Kimaa chini ya jukwaa letu, vyote viliingia kwenye maiki niliyoinyoosha mbele, na sikuongeza neno mpaka mpira ulipowekwa kati. Volkano walipanda daraja. Mwaka uliofuata walishuka tena, lakini hiyo tuwaachie wao.

Mkurugenzi alinisimamisha kazi kwa kukaidi amri, na kwa kanuni alikuwa na haki. Nilirudi Poli nikachuma kahawa na mama, nikala loshoro, yale makande yetu ya maziwa mgando, nikasubiri. Mzee Loti ndiye aliyenirudisha, kwa njia yake. Kila wiki aliulizwa nani atatangaza Jumamosi, akajibu, "Elirehema." Akaambiwa ataje mwingine, akasema, "Sina mwingine." Sudi naye alipopigiwa simu aje peke yake alisema anakuja kama mchambuzi, mtangazaji yupo. Mwishowe Mkurugenzi alichoka. Hakuniomba radhi na sikumdai. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, tukawa tunagombana kuhusu mambo ya kazi tu.

Kutoka hapo njia ilinyooka, ingawa si kwa mteremko. Nilikuwa Mtangazaji Mkuu, nikarusha mpira, ngumi, na mbio ndefu ambazo vijana wetu wa huku hukimbia kwenye baridi kabla jua halijatoka. Mzee Loti alipostaafu nikarithi meza yake. Nikapokea mabinti, nikawasogezea kiti mbele ya runinga bila sauti, nikawaambia watangaze, na wengi wakanieleza rangi ya jezi. Herufi nimewafundisha pia. Sisemi msijifunze, jifunzeni, lugha ni chombo chenu cha kazi. Ila mtu akiwaambia kasoro yenu ni herufi, rekebisheni herufi upesi, halafu mrudi kumsikiliza atasema nini kingine.

Nimestaafu sasa, nakaa Lemara. Magoti yananisumbua, sauti bado ipo. Watu huniuliza kama najivunia, nami huwa sijui nijibu nini, maana zile sifa za mwanamke wa kwanza, mwanamke wa kwanza, zilinichosha zamani. Nilitaka kiti, nikakipata.

Lakini wiki chache zilizopita umeme ulikatika nyumbani mchana, na kulikuwa na mechi kubwa Dar. Nikajikongoja hadi kibanda umiza cha jirani, kile cha mabati wanachoonyeshea mpira kwa kiingilio, wao wana jenereta. Kilijaa wanaume tupu. Walinisalimia, "Shikamoo, bibi," wakanipisha kwenye benchi la mbele. Mechi ilikuwa imeshaanza, na aliyekuwa akitangaza alikuwa msichana. Simjui, si mwanafunzi wangu. Sauti yake ni ya chini kidogo, ametulia, anataja jina mapema, ananyamaza pa kunyamaza.

Nikaacha kuangalia mpira, nikawa naangalia wanaume. Nilikuwa namsubiri mmoja agune, aseme huyu dada vipi, wapunguze sauti. Dakika zikaenda. Walibishana kuhusu mwamuzi, wakamtukana beki, wakaombana sigara. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza, sauti ni ile ile. Nikahisi machozi yananijia, nikajifanya nafuta miwani. Nikamgusa bega aliyekaa karibu nami, mwanaume wa makamo mwenye jaketi la bodaboda.

"Baba, nani huyo anayetangaza?"

"Sijui, bibi," akasema bila kugeuza shingo. "Hebu ngoja, hiyo ni kona."

Nikanyamaza, tukaiangalia kona.